Laini Isiyo Yake

Mama Funguo alikuwa juu ya ndoo. Ndoo yenyewe ilikuwa imepinduliwa nyuma ya bafu la uani, naye amesimama juu yake kwa vidole vya miguu, mkono mmoja umeshika ukuta, mwingine umeinua simu juu ya bati. Hapo ndipo mtandao ulipokuwa unashika. Chini ya hapo simu ilikuwa tochi tu.

Ikatulia kidogo, kisha ikaanza kutetemeka mfululizo. Ujumbe uliingia mmoja juu ya mwingine: umepigiwa na namba hii, umepigiwa na namba hii tena. Wapigaji wa jana jioni, wa usiku, wa alfajiri. Palepale juu ya ndoo akampigia wa mwisho.

“Fundi? Aa, acha tu,” sauti ya mwanamume ikasema. “Nimeshavunja kitasa kwa nyundo. Wewe simu unapokea kama binti anayeposwa, mpaka watu warudi mara tatu.”

“Samahani, baba. Huku kwetu mtandao...”

“Kila siku mtandao.” Simu ikakatwa.

Akashuka taratibu, maana ndoo ilikuwa na ufa, akaingia ndani kumwinua mama mkwe wake kitandani. Bibi huyo magoti yalimkatalia siku nyingi, lakini masikio yake yalikuwa mazima kuliko ya paka.

“Kazi nyingine imepotea?” akauliza.

“Imepotea, mama.”

“Basi nenda leo. Kila siku unasema utakwenda.”

Hiyo ilikuwa kweli. Tangu mnara uliokuwa juu ya ghorofa la duka la saruji ushushwe, mtaa mzima ulikuwa umehamia kampuni nyingine, ambayo mtandao wake ulishika hata uvunguni mwa kitanda. Wapangaji wenzake uani walitupa laini zao za zamani kama maganda ya ndizi. Yeye hakuweza. Mtu hamkumbuki fundi wa kufuli ila siku amefungiwa nje, na siku hiyo hana pengine pa kumtafuta: anainamia kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango na kupiga namba iliyoandikwa pale. Vibandiko hivyo Mama Funguo alikuwa amevibandika mji mzima kwa mikono yake, nyumba kwa nyumba, kila alipofungua mlango. Kubadilisha namba kulikuwa sawa na kuhama nyumba bila kumuaga mtu.

Lakini redio sasa ilikuwa ikiimba kutwa nzima kwamba mtu anaweza kuhama kampuni na namba yake ileile. Hama leo, namba ni yako! Akamwachia bibi chai na mkate karibu na kitanda, akamwomba jirani amchungulie mchana, akabeba mkoba wake wa kazi wenye tupa, koleo, bisibisi na nyaya zilizopindwa. Mkoba huo hakuuacha popote. Kazi ya kufungua milango haina miadi.

*

Duka la ile kampuni mpya lilikuwa na kiyoyozi, viti vya plastiki vilivyounganishwa, na mlinzi aliyegawa vikaratasi vya foleni kama anagawa sadaka ya mali yake mwenyewe. Watu walikaa kimya, kila mmoja akitazama kioo cha namba za foleni juu ukutani. Mama mmoja alikuwa amelala, kikaratasi chake kimeshikwa kwa meno.

Zamu yake ilipofika alikuta dirishani kijana wa shati jeupe, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kusema maneno yaleyale tangu asubuhi.

“Karibu, mama. Nikusaidie nini?”

“Nataka kuhama. Namba ibaki hiihii.”

“Hongera kwa kutuchagua. Kitambulisho, tafadhali. Kuna deni lolote la muda wa maongezi kule ulikotoka? Na kama kuna hela kwenye laini, toa yote kwanza.”

Alikuwa amekwisha kulipa na kutoa jana yake. Watu uani walimweleza. Akajiona mjanja kidogo. Kijana akabonyeza, akampa kile kidude cha kusoma vidole. Mama Funguo akaweka kidole gumba. Mashine ikalia vibaya. Akafuta kidole kwenye kanga, akaweka tena.

“Ni hii kazi yetu,” akasema. “Tupa imekula alama zote.”

“Hapana, mama, kidole kimesoma. Tatizo ni jina.” Kijana akageuza kidogo kioo cha kompyuta, kisha akakirudisha kabla Mama Funguo hajaona kitu. “Laini hii imesajiliwa kwa jina la mwanamume.”

Mama Funguo alijua hilo. Alilijua kama mtu anavyojua kuwa paa lake linavuja upande usio na kitanda. Laini ilinunuliwa na mume wake, Masta, enzi wanafungua kibanda cha funguo. Jina la Masta alipewa na wateja, kwa sababu ya ule ufunguo wake wa masta, ufunguo malaya, unaoingia kila kitasa. Na alipoondoka kwenda kuishi na mwanamke mwingine ng’ambo ya mji, majirani wakasema fundi ameiga tabia ya chombo chake. Aliondoka na nguo na redio. Simu aliiacha mezani, na mama yake mzazi kitandani. Vyote viwili Mama Funguo akavichukua bila kuulizwa.

“Ni mume wangu,” akasema. “Lakini namba naitumia mimi. Miaka minne sasa. Piga uone, itaita hapa mkononi.”

“Naamini, mama. Ila mfumo hauruhusu. Mwenye laini lazima afike mwenyewe.”

“Mwenyewe si mimi hapa?”

“Mwenye jina, mama.”

“Na mimi nikitaka iandikwe jina langu?”

“Hilo ni kule kule ulikotoka. Na kule nako watamtaka yeye.” Kijana akatazama kioo cha foleni. Alionekana kuona aibu kidogo, ile aibu ya mtu anayezuia mlango ambao si wa kwao. “Kama yuko karibu, mwite. Ukija naye sikurudishi kwenye foleni. Njoo moja kwa moja.”

*

Namba ya Masta hakuwa nayo. Alimpigia jirani wa uani, akamwomba ampelekee bibi simu.

“Mama, hapa dukani wanamtaka mwanao. Lazima yeye awepo.”

Bibi akamwomba jirani amsogezee simu sikioni.

“Nitampigia mimi,” akasema. “Wewe ukimpigia atataka kubembelezwa.”

Alisubiri nje, kwenye kivuli cha bango lenye picha ya familia inacheka na simu. Jua likahama, kivuli kikahama, naye akahama nacho. Muuza karanga alipita mara kadhaa, akaacha kumtembezea. Alikuwa ameanza kuona kwamba siku ndiyo imekwenda hivyo, pale Masta alipotokea upande wa pili wa barabara, anavuka kwa kusitasita, akinyoosha mkono mbele ya magari kama kipofu.

Alikuwa amezeeka. Hilo hakulitegemea. Shati lilikuwa limepigwa pasi, lakini kola imegeuzwa na kushonwa upya, na viatu vilikuwa vya mlinzi, vyeusi, vya kamba, visivyo na lindo tena.

“Mama kaniambia nije,” akasema badala ya salamu.

“Shikamoo yako iko wapi, au niitoe mimi?”

Akacheka kidogo, na kwa kicheko hicho alikuwa Masta yule yule. “Hujambo, mke wangu.”

“Sijambo. Na hilo la mke liache nje ya mlango. Ndani wanataka jina lako tu.”

Kijana wa dirishani alipomwona Masta alisimama, akamvutia kiti. “Karibu, mzee. Pole na safari.” Mama Funguo, aliyekuwa amesimama tangu asubuhi, akaendelea kusimama nyuma ya kiti kile. Kidole cha Masta kilisoma mara moja. Mashine ikalia vizuri, mlio mwororo, kama mtu aliyefurahi kumwona mgeni wake.

“Sasa utaingia ujumbe kwenye laini ya zamani,” kijana akasema. “Unisomee tarakimu.”

Simu ikatetemeka kwenye kiganja cha Mama Funguo. Akazisoma kwa sauti, moja moja, kwa uangalifu, akarudia mbili za mwisho. Kijana akaandika. Baada ya muda akatoa kikadi kidogo kutoka kwenye pakiti, akakiweka juu ya kaunta, katikati yao wote watatu.

“Tayari, mzee. Ikizimika ya zamani, hii inawaka. Haichukui muda. Weka kwenye simu yako.”

Mama Funguo akanyoosha mkono. Mkono wa Masta ulikuwa karibu zaidi.

“Lete niiweke,” akamwambia Masta. Alikuwa amekwisha kufungua mfuniko wa nyuma wa simu yake.

Masta alikishika kikadi kile kwa vidole viwili, akakisogeza karibu na macho, kisha mbali. Akatoa simu yake mfukoni, ya kubonyeza, iliyofungwa mpira, akaanza kuifungua.

“Unafanya nini?”

“Tulia kwanza.”

“Nakuuliza, unafanya nini?”

“Nimetolewa lindoni,” Masta akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba kijana yule asisikie. “Macho. Walisema natazama upande huu, mwizi anapita upande ule. Kule nina watoto wadogo, wanakula kila siku. Namba hii nilianza nayo mimi. Kibanda nilifungua mimi. Wewe nilikufundisha mimi.”

“Ulinifundisha kufungua makufuli mawili, ukaondoka. Hayo mengine nilijifunza kwenye milango ya watu.”

“Sikatai. Kwa hiyo tushirikiane. Simu nipokee mimi, kazi nikutume wewe. Tunagawana. Si vibaya.”

Mama Funguo akamgeukia kijana wa dirishani. “Mwanangu, umesikia? Si uliniona? Si niliyekuja asubuhi ni mimi?”

“Nilikuona, mama.”

“Basi mwambie.”

Kijana akashika kalamu, akaiweka chini. “Laini ni ya aliyesajiliwa. Mimi hapo sina la kufanya. Mkielewana, mzee anaweza kuja kubadilisha umiliki, lakini laini iliyohama haibadilishwi jina mpaka ipite miezi mitatu. Ni utaratibu.” Akasita. “Hayo mengine ni mambo ya nyumbani, mama.”

Mambo ya nyumbani. Nyuma yao foleni ilikuwa imeanza kunyoosha shingo. Mama aliyekuwa amelala alikuwa macho kabisa sasa, kikaratasi mkononi.

“Na mama yako?” Mama Funguo akamuuliza Masta. “Yeye yuko kwenye ushirika huu? Ananyanyuliwa na nani asubuhi, na wewe au na mimi?”

Masta aliinamia simu yake. Kikadi kikamponyoka, kikaanguka, akakitafuta sakafuni kwa kupapasa. Kulikuwa na wakati mfupi ambapo Mama Funguo alikiona kikadi kile kando ya kiatu chake mwenyewe, kinang’aa, na mume wake akipapasa mbali nacho. Angeweza kukikanyaga. Angeweza kukiokota, akatoka nacho. Lakini mlinzi wa mlangoni alikuwa amekwisha kuinama. Akakiokota, akakipangusa kwenye suruali, akamkabidhi Masta kwa mikono miwili.

“Mzee, hiki hapa.”

Kwenye kioo cha simu ya Mama Funguo yale maandishi ya kampuni yalipotea. Ikaandika: hakuna huduma.

*

Masta alitoka na kikadi chake. Mama Funguo alitaka kwenda nyumbani. Akafika hadi mlangoni, akasimama pale ambapo baridi ya ndani na joto la nje hukutana, akawaza njia yote hadi uani, na ndoo, na bibi atakayeuliza. Akarudi, akachukua kikaratasi kingine cha foleni.

Kijana alipomwona dirishani akafumba macho kidogo.

“Nataka laini mpya,” akasema. “Jina langu.”

“Namba yoyote?”

“Zote si zangu. Nipe yoyote.”

Kidole kikasoma. Kijana akampa kikadi, na bila kusema neno akamwekea muda wa maongezi wa bure ambao, kwa kawaida, ulikuwa wa wateja waliohama tu. Mama Funguo alikuwa anafunga mfuniko wa simu pale Masta alipoingia tena kwa haraka, akigonga viti, simu imebanwa sikioni, mkono mmoja hewani.

“Yuko wapi? Mama Funguo! Yuko humu?” Akageuka huku na huku mpaka alipoiona kanga yake. “Kuna mtu amefungiwa nje. Ufunguo umekatikia kitasani. Baba yake yuko ndani, hainuki kitandani, na jiko linawaka.”

“Ni kazi yako. Nenda.”

“Unajua siwezi. Tundu silioni.” Simu sikioni mwake ilikuwa inaongea peke yake, sauti ya mwanamke, nyembamba, inayolia au inayokimbia. Masta akaifunika kwa kiganja. “Unajua siwezi,” akasema tena.

Foleni nzima ilikuwa inamtazama yeye, si Masta. Mama Funguo alifikiri jambo moja: kwamba akikataa, watu hawa hawatasema kampuni imefanya nini, wala Masta amefanya nini. Watasema kuna mwanamke mmoja aliombwa kufungua mlango akagoma. Halafu akafikiria yule mzee kitandani na moshi, na hilo la kwanza likapotea lenyewe.

“Wapi?”

*

Ilikuwa nyumba ya vyumba vingi vinavyotazamana, na ukumbi uliojaa majirani wanaotoa ushauri. Mmoja alikuwa ameshika shoka. Mwenye chumba, msichana wa saluni mwenye nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama, alikuwa amepiga magoti akiongea kupitia tundu la chini ya mlango.

“Baba, anakuja, baba. Usijisogeze.”

“Mimi sijasogea popote,” sauti ya mzee ikajibu kutoka ndani, yenye kikohozi. “Sufuria ndiyo inasogea. Maji yamekwisha humo, nasikia harufu.”

“Weka shoka chini,” Mama Funguo akamwambia yule jirani. “Mlango huu ukivunjika, leo watalala na nini?”

Akapiga magoti. Kipande cha ufunguo kilikuwa ndani kabisa, kimekaa upande. Akawataka wasogee wampe mwanga, akaingiza waya, akausikiliza. Mikono yake, ambayo tangu asubuhi ilikuwa ya kunyoosha vikaratasi na kuonyesha vitambulisho, ikatulia. Kikatoka kidogo, kikarudi. Akamwambia mzee aendelee kuongea.

“Niongee nini?”

“Chochote, baba. Nijue uko macho.”

“Basi mwambie binti yangu aache kununua funguo za bei rahisi.”

Majirani wakacheka kwa woga. Kipande kikatoka, kikaanguka sakafuni. Waya mwingine, shingo imeinama, pumzi imebanwa, kisha ule mgeuko mdogo ambao husikika kwanza mkononi kabla ya sikioni. Mlango ukafunguka. Moshi ukatoka, mweusi, wa chini chini, na msichana akapita juu ya miguu ya Mama Funguo mbio hadi kwenye jiko.

Mzee alikuwa mzima. Alikuwa amejifunika shuka usoni, analaani sufuria. Wakafungua dirisha, wakampa maji, na majirani wakatawanyika wakiwa wamekosa kidogo kitu walichokuwa wamekijia.

Mama Funguo alikaa kwenye kizingiti akirudisha vifaa mkobani. Msichana akaja akachuchumaa mbele yake, macho mekundu.

“Asante, mama. Sijui ningefanya nini. Yule mzee kwenye simu naye, hela nilimtumia palepale. Imefika, eti?”

Mama Funguo akanyanyua uso. “Ulimtumia nani?”

“Kwenye namba ileile niliyopiga. Alisema nitume kwanza ndipo fundi atoke.” Msichana akamtazama, akaanza kuelewa kwamba kuna kitu asichokielewa. “Si bosi wako?”

Kutoka ndani mzee alikohoa, akaomba mto.

“Imefika,” Mama Funguo akasema. “Usijali, imefika.”

Alifunga mkoba. Msichana akaenda kumwekea baba yake mto, akarudi na simu yake mkononi.

“Nikuhifadhi wewe mwenyewe, mama, siku nyingine nisipitie kwake. Namba yako?”

Hakuijua. Akatoa mfukoni kile kifuko cha karatasi alichopewa dukani, kimekunjamana, akakinyoosha juu ya goti na kukielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Akaanza kusoma. Alipofika katikati akapotea, akaanza tena, kidole kikifuata tarakimu. Msichana akabonyeza.

“Jina niandike nani? Fundi Funguo?”

“Hilo la vibandikoni ni la mwingine sasa. Andika Mama Funguo.”

“Nakubipu uione.”

Wakangoja. Muda ukapita, mrefu kuliko kawaida, na Mama Funguo akaikodolea macho simu yake iliyolala kiganjani. Ndipo ikawaka, ikaita, palepale chini kwenye kizingiti, mlio uleule wa siku zote. Akaiacha iite kidogo.